Beppo Occhialini: Mgeni wa nchi nyingi ambaye jina lake lilipita juu ya Nakivale

Kwa miaka 6, kuanzia mwaka 1996 hadi mwaka 2002, setilaiti iliyoitwa BeppoSAX ilikuwa ikikatiza anga la Afrika Mashariki mara 14 hivi kwa siku. Ilitokea magharibi, juu ya misitu ya Kongo, ikapita juu ya Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale au kandokando yake, na baada ya dakika mbili tatu ikawa imefika Malindi, kwenye pwani ya Kenya. Huko ndiko ilikotua mzigo wake wa habari zilizokusanywa kutoka sehemu za mbali kabisa za ulimwengu.

Mwaka 1997 setilaiti hiyo ilisaidia kufumbua fumbo lililowashinda wanasayansi kwa miaka 30: mahali inakotoka milipuko ya mionzi ya gama, ambayo ni miongoni mwa milipuko mikali kuliko yote inayojulikana ulimwenguni. Herufi SAX zilitokana na maneno ya Kiitaliano yenye maana ya setilaiti ya kuchunguza eksirei za anga. Beppo lilikuwa jina la mtu.

Mtu huyo ni Giuseppe Occhialini, mwanafizikia wa Italia aliyefariki dunia mwaka 1993. Giuseppe ni Yosefu, na Beppo ni jina ambalo Waitaliano humwitia Giuseppe kwa mapenzi. Kisa chake kina uzito wa pekee kwa msikilizaji aliye Nakivale, kwani sehemu kubwa ya kazi iliyompa heshima aliifanya akiwa mgeni katika nchi za watu, na kuna wakati alihesabiwa kuwa raia wa nchi adui.

Kilima cha Galileo

Occhialini alizaliwa tarehe 5 Desemba 1907 katika mji mdogo wa Fossombrone, katikati ya Italia. Baba yake alikuwa mwanafizikia, na mtoto akafuata nyayo. Alisoma katika mji wa Florence, akahitimu mwaka 1929, kisha akabaki kufanya kazi kwenye maabara ya Arcetri, kilima kilekile ambako Galileo alimalizia maisha yake akiwa amefungiwa nyumbani.

Arcetri ilikuwa na vijana wachache na fedha kidogo. Miongoni mwao alikuwamo Bruno Rossi, aliyekuwa akichunguza mionzi ya anga, yaani chembe zenye nguvu nyingi zinazoinyeshea dunia usiku na mchana kutoka mbali. Rossi alikuwa amebuni njia ya kuunganisha vihesabio kadhaa vya mionzi kwa umeme, ili vitoe ishara pale tu vinapoguswa kwa wakati mmoja. Kihesabio kimoja kikilia peke yake, huenda ni bahati nasibu. Kilicho juu na kilicho chini vikilia pamoja, ni wazi kwamba kuna chembe imevipitia vyote viwili.

Mwaka 1931 Occhialini alitumwa Cambridge, Uingereza, katika maabara ya Cavendish, kwa Patrick Blackett. Safari ilipangwa kuwa ya miezi mitatu. Alikaa miaka mitatu.

Mionzi inayogeuka kuwa chembe

Blackett alikuwa bingwa wa chemba ya mawingu. Hicho ni chombo kilichojaa hewa yenye mvuke. Chembe yenye umeme ikipita ndani yake, huacha nyuma mstari wa matone madogo ya maji, kama ndege ya abiria inavyoacha mstari mweupe angani. Mstari huo hupigwa picha. Tatizo lilikuwa kwamba mpiga picha hakujua chembe itapita lini, hivyo picha nyingi zilitoka tupu.

Occhialini alikuwa amebeba dawa ya tatizo hilo kutoka Arcetri. Waliweka kihesabio kimoja juu ya chemba na kingine chini yake, wakaviunganisha kwa njia ya Rossi, na chembe yenyewe ikawa ndiyo inayoiamuru chemba ipige picha. Tangu hapo picha zilizokuwa na kitu cha kuonyesha zikawa nyingi kuliko zilizo tupu.

Mwanzoni mwa mwaka 1933 wawili hao walitangaza walichokiona. Kwanza, walithibitisha kuwapo kwa positroni, ndugu wa elektroni mwenye umeme chanya, ambaye Mmarekani Carl Anderson alikuwa amemwona mwaka uliotangulia. Pili, walieleza chembe hiyo inavyozaliwa: mwali wa gama, ambao hauna uzito wowote, unapopita karibu na kiini cha atomu unaweza kutoweka na mahali pake pakatokea chembe mbili zenye uzito, elektroni na positroni.

Ugunduzi huo wa pili ndio unaomuunganisha Occhialini na darubini za leo. Miali mikali ya gama haikusanywi kwa kioo wala kwa lenzi, kwa kuwa hupenya. Darubini inayoitafuta huiwekea mtego wa metali, mwali ukageuka kuwa elektroni na positroni, na kwa kufuata njia za chembe hizo mbili mtaalamu hujua mwali ulitoka upande gani wa anga.

Anderson alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936. Blackett alipewa yake mwaka 1948. Occhialini hakupewa.

Raia wa nchi adui

Aliporudi nyumbani mwaka 1934, Italia ilikuwa chini ya utawala wa kifashisti wa Mussolini, na hakuupenda. Mwaka 1937 alivuka bahari kwenda Brazil, kwenye Chuo Kikuu cha São Paulo, ambako mwanafizikia Gleb Wataghin alikuwa akijenga idara mpya. Mwaka uliofuata sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi zilimvua kazi rafiki yake Bruno Rossi, naye akalazimika kuhama Italia na hatimaye akahamia Marekani. Kundi la Arcetri likasambaratika.

São Paulo, Occhialini alifundisha kizazi cha kwanza cha wanafizikia wa Brazil. Lakini mwezi Agosti 1942 Brazil ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani na Italia, na Mwitaliano aliyeikimbia siasa ya kwao akajikuta anahesabiwa kuwa mtu wa upande wa adui kwa sababu ya pasipoti yake. Aliondoka chuoni, akapanda kwenye milima ya Itatiaia, akawa mwongoza watalii wa milimani.

Alikuwa na miaka 34, na jina lake lilikuwa limeshaandikwa kwenye mojawapo ya makala muhimu za fizikia za karne. Nakivale, ambako tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 wamepokewa Wanyarwanda, Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine wengi, kuna walimu, wauguzi na mafundi ambao hawahitaji kuelezwa zaidi kuhusu hali hiyo. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, haki ambayo hadhi ya Occhialini ya mwaka 1942 ilikuwa mbali nayo. Hata hivyo, kutoka kwenye haki iliyoandikwa hadi kwenye kazi uliyosomea ni mwendo mrefu, naye aliutembea.

Sahani za picha mlimani

Mwaka 1945, vita vikielekea ukingoni, Occhialini alirudi Uingereza. Alitarajia kujiunga na wanasayansi wa Kiingereza waliokuwa wakishughulikia nguvu za atomu, lakini mlango huo ulifungwa kwake kwa kuwa alikuwa mgeni. Akaenda Bristol, kwenye maabara ya Cecil Powell.

Powell alitumia sahani za picha, zile za kioo zilizopakwa dawa inayoshika mwanga. Chembe ikipenya dawa hiyo, huacha alama ambayo huonekana kwa hadubini baada ya sahani kusafishwa. Occhialini aliona kwamba dawa ya kawaida haitoshi. Alishirikiana na watengenezaji wa sahani hadi wakapata dawa nzito zaidi, akamwalika Bristol mwanafunzi wake wa Brazil, César Lattes, na yeye mwenyewe, mpenda milima na mapango, akapandisha sahani hizo kwenye kilele cha Pic du Midi huko Ufaransa, kilicho mita 2,877 juu ya usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi na mionzi ya anga ni mingi.

Sahani ziliposafishwa, zilionyesha chembe ambayo haikuwa imewahi kuonekana. Ilikuwa pioni, chembe ambayo Mjapani Hideki Yukawa alikuwa ameitabiri mwaka 1935 ili kueleza kinachoshikamanisha kiini cha atomu. Matokeo yalitangazwa mwaka 1947 kwa majina ya Lattes, Muirhead, Occhialini na Powell. Mwaka 1950 Tuzo ya Nobel ilikwenda kwa Powell peke yake.

Mara ya pili Occhialini alikuwa amesimama karibu na mlango wa Stockholm, na mara ya pili mlango ulifunguliwa kwa mwenziwe. Wanaoandika historia ya fizikia wamelijadili jambo hilo mara nyingi. Yeye aliendelea na kazi.

Kutoka mlimani kwenda angani

Baada ya kipindi cha Brussels, alirudi Italia mwaka 1950, kwanza Genoa, kisha Milano mwaka 1952. Mwaka huo wa 1950 alimwoa Constance Dilworth, mwanafizikia Mwingereza, ambaye alikuwa mwenzake katika utafiti hadi uzeeni.

Milano iligeuka kuwa shule. Mmoja wa vijana waliohitimu huko wakati wake ni Riccardo Giacconi, aliyekwenda Marekani na kuongoza kazi ya setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza eksirei za anga. Setilaiti hiyo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, lililojengwa na Waitaliano baharini karibu na Malindi. Kwa kuwa Kenya ilikuwa ikiadhimisha siku yake ya uhuru, ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Occhialini mwenyewe aligeukia anga mwaka 1960, alipokaa kwa muda Marekani karibu na rafiki yake wa Arcetri, Bruno Rossi. Alielewa kwamba zama za kupanda milima na sahani zilikuwa zinakwisha. Hewa ya dunia huzuia eksirei na mionzi ya gama isifike ardhini. Hiyo ni neema kwa viumbe, lakini ni pazia kwa mtafiti, na ili kulivuka pazia hilo sharti chombo kipelekwe juu ya hewa yenyewe.

Alikuwa miongoni mwa waliosukuma nchi za Ulaya kushirikiana katika utafiti wa anga, na mmoja wa waliopigania darubini ya mionzi ya gama iliyoitwa COS-B. Ilirushwa tarehe 9 Agosti 1975 na ikafanya kazi hadi mwaka 1982. Ilifuata njia iliyofunguliwa na setilaiti ya Marekani SAS-2, ambayo nayo ilirushwa kutoka San Marco, tarehe 15 Novemba 1972. Zote mbili zilinasa mionzi kwa kuigeuza elektroni na positroni, kama Occhialini na Blackett walivyoeleza mwaka 1933.

Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Wolf ya fizikia pamoja na George Uhlenbeck. Alifariki dunia mjini Paris tarehe 30 Desemba 1993, akiwa na miaka 86.

Fumbo la miaka 30

Wakati anafariki, fumbo kubwa la fani yake lilikuwa bado halijafumbuliwa. Tarehe 2 Julai 1967 setilaiti za Marekani zilizoitwa Vela, zilizowekwa angani kuchunguza kama kuna nchi inayojaribu mabomu ya nyuklia kwa siri, zilinasa mmweko wa mionzi ya gama ambao haukutoka duniani wala kwenye jua. Mimweko mingine ikafuata. Habari hizo zilitangazwa hadharani mwaka 1973.

Mimweko hiyo hudumu kwa sekunde chache, pengine dakika, kisha hutoweka. Hutokea upande wowote wa anga, bila taarifa. Darubini ya kawaida ikigeuzwa kuitazama, hukuta giza. Miaka ikapita, nadharia zikarundikana, na wataalamu wakagawanyika. Wapo walioamini kwamba milipuko hiyo iko jirani na galaksi yetu. Wengine walisema iko mbali mno, na kama ni hivyo, basi mlipuko mmoja hutoa kwa sekunde chache nishati kubwa kuliko ambayo jua letu litatoa katika maisha yake yote.

Kilichokosekana ni kupata mahali pa mlipuko kwa haraka. BeppoSAX ilijengwa na Waitaliano wakishirikiana na Waholanzi, ikarushwa kutoka Florida tarehe 30 Aprili 1996, na baada ya kufika angani ikapewa jina la mzee aliyekwisha kufariki. Ilikuwa na kifaa cha kuhisi mmweko wa gama na, pamoja nacho, kamera za Kiholanzi zinazotazama sehemu pana ya anga kupitia bamba lenye matundu mengi.

Kanuni ya bamba hilo inaeleweka na yeyote aliyewahi kukaa ndani ya nyumba ya turubai lililotoboka. Jua likipenya, madoadoa ya mwanga huangukia sakafuni, na kwa kuyatazama unajua jua liko wapi bila kutoka nje. Kamera hizo zilisoma madoadoa na vivuli vya eksirei kwa namna hiyo.

Setilaiti ilizunguka karibu kabisa na ikweta, kwenye kimo cha kilomita 600 hivi. Njia hiyo ilichaguliwa kwa sababu usumaku wa dunia huikinga na chembe nyingi zinazochafua vipimo. Ndiyo sababu pia kituo chake cha mawasiliano kikawa Malindi, karibu na ikweta, ambako kingeweza kuiona kila inapozunguka. Ikiwa juu ya Ankole, antena za Malindi zilikuwa tayari zimeidaka.

Asubuhi ya tarehe 28 Februari

Ijumaa tarehe 28 Februari 1997, saa 11 na dakika 58 alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki, BeppoSAX ilihisi mmweko wa gama, na moja ya kamera zake ikawa inatazama upande huohuo. Setilaiti ilihifadhi vipimo vyake hadi ilipofika Malindi, ikavishusha, navyo vikatumwa Roma.

Majira hayo vita vilikuwa vikiendelea mashariki mwa nchi iliyokuwa bado inaitwa Zaire, na watu walikuwa njiani, wakiivuka mipaka kwa miguu. Chombo kilichopita juu ya vichwa vyao kilikuwa kinatafuta kitu kingine.

Roma walihesabu mahali pa mmweko, wakaiamuru setilaiti igeuke, na baada ya muda wa saa 8 darubini zake za eksirei zikaona makaa ya mlipuko ule yakiwa bado na joto. Tarehe 3 Machi yalikuwa yamefifia sana. Wataalamu wa Uholanzi wakiongozwa na Jan van Paradijs walitumia darubini ya William Herschel, iliyo kwenye kisiwa cha La Palma, wakaona mwanga wa kawaida ukififia mahali hapohapo. Kwa mara ya kwanza mlipuko wa gama ulikuwa na anwani.

Tarehe 8 Mei mwaka huohuo BeppoSAX ilinasa mwingine. Safari hii darubini ya Keck huko Hawaii ilipima umbali: nuru ya mlipuko huo ilikuwa imesafiri kwa mabilioni ya miaka. Ubishi ukaisha. Tangu hapo imethibitika kwamba milipuko mingi mirefu hutokea nyota kubwa inapoporomoka, na mwezi Agosti 2017 ilionekana kwamba mifupi inaweza kutokana na nyota mbili za nyutroni zinazogongana.

Kilichobaki

BeppoSAX ilizimwa tarehe 30 Aprili 2002, na mwaka mmoja baadaye ikaanguka katika Bahari ya Pasifiki. Kazi haikukoma. Darubini ya Swift ya Marekani, iliyorushwa mwezi Novemba 2004 kuwinda milipuko hiyohiyo, nayo ilitumia antena za Malindi kushusha habari zake.

Wakenya kwa miaka mingi waliuliza nchi yao inafaidika nini na kituo hicho, na mwaka 2016 serikali mbili zilitia saini mkataba mpya. Mbarara, mwendo wa saa chache kutoka Nakivale, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichoanzishwa mwaka 1989 hufundisha fizikia, na utafiti wa nyota ni sehemu ya kazi yake. Uganda yenyewe ilipeleka setilaiti yake ya kwanza angani mwaka 2022.

Kijana anayeketi darasani Nakivale leo, akijifunza kwa lugha ambayo si ya nyumbani kwao, anaweza kulitazama anga lilelile ambalo jina la Beppo lilipita. Mwenye jina hilo alivuka mipaka mara nyingi, akafungiwa milango kwa sababu ya nchi aliyozaliwa, akashuhudia tuzo zikienda kwa wenzake. Katika kila nchi aliyofika aliacha wanafunzi, na wanafunzi hao na wenzao ndio waliomwandika angani.